Foleni ya Lulimba: tukatae programu yenye hatuwezi kufungua



Kila mtu wa Baraka anajua mulongo wa bidoni. Maji haiji, bomba liko kimya, lakini bidoni ziko pale tangu saa kumi ya alfajiri, moja nyuma ya ingine, na wenyewe wamerudi nyumbani kuosha watoto ao wameenda soko. Bidoni inashika nafasi ya mtu. Maji ikirudi saa nane, ya kwanza inajaa kwanza. Yenye imetoboka inawekwa kando, mwenyewe atajua namna ya kuiziba. Mama mwenye ako na mugonjwa nyumbani wanamupitisha mbele. Watu wananungunika kidogo, lakini wanamupitisha.

Hiyo njo foleni ya meseji. Watu wa kompyuta wanaipa majina makubwa, lakini kazi yake ni ile ile: mwenye kutuma anaweka, anaenda zake; mwenye kupokea akipatikana, anachukua moja moja. Kati yao hakuna kinachopotea, hata kama mmoja amelala ao rezo imekufa.

Ninaandika hii kwa jina langu mimi, si tangazo la harakati nzima. Kwenye WhatsApp munaendelea kuuliza kwa nini kikundi chetu cha kompyuta kimekataa programu kubwa yenye tulipewa bure, na kwa nini tumeandika ya kwetu, ndogo, yenye wengine munaiita «programu ya watoto». Mumoja aliandika eti tunaogopa mambo ya kisasa. Basi nitajibu, na nitajibu kwa urefu, juu jibu fupi nilishalitoa na halikutosha.

Kazi yenyewe munaijua. Vijana wa Lulimba, Misisi, Lubichako na Fizi-centre wanatuma habari fupi: barabara imekatika wapi, daraja gani limeenda na maji, kituo gani cha afya kimebaki bila seramu, wagonjwa wa kuhara wangapi wameingia tangu asubuhi. Baraka tunapokea, tunahakikisha, tunapigia simu wenye inawahusu. Na kwetu kuhara si jambo la kuandika tu. Uvira, Fizi, Kalemie, pwani yote hii ya Tanganyika, kipindupindu hakiishi, kinalala tu na kuamuka. Mtu mzima mwenye nguvu anaweza kufa nacho ndani ya saa chache kama hapati maji ya chumvi na sukari, ao seramu. Kwa hiyo meseji yenye imechelewa siku moja si meseji yenye imechelewa. Ni karatasi tu.

Lulimba sasa. Wenye munaishi Bukavu ao Goma, fikirini barabara ya taifa namba 5 kisha munyeshe mvua miezi mingi juu yake. Fikirini pia rezo yenye inakuja na kwenda, umeme wenye ni wa jua peke yake, na watu wa zahabu wenye wanahama kutoka shimo moja kwenda lingine, leo mia, kesho elfu, bila mtu kuwahesabu. Pale tuko na mashini moja ndogo, ya ukubwa wa sanduku la sabuni, imefungwa kwenye batri ya pikipiki na pano ya jua, ndani ya kioski ya kusharji simu. Kijana mwenye anaichunga anasikiliza watu, anaandika, anabonyeza. Mashini inatunza mpaka rezo irudi, kisha inatuma Baraka. Ni hiyo tu.

Mara ya kwanza hatukuandika kitu sisi wenyewe. Mufadhili mumoja, jina lake si la lazima hapa, alituletea mutaalamu na programu nzito ya kupanga meseji. Siku ya kuiweka ilikuwa nzuri kusema kweli. Kulikuwa na ukurasa wenye michoro, mistari inapanda na kushuka, rangi ya kijani kila pahali. Tulipiga picha. Mutaalamu alikaa siku mbili, akarudi.

Kisha siku moja ya mvua, batri ilikufa mangaribi. Asubuhi jua limetoka, mashini imewaka, ukurasa umefunguka: kijani. Foleni: sifuri. Sisi Baraka tukafurahi, tukasema sawa, zote zimefika. Kumbe hazikufika. Meseji zote za mchana ule zilikuwa zinakaa katika memori ya muda tu, na memori ya muda inakufa na batri. Siku ya kuiweka, hakuna mtu aliyechagua ile alama yenye inaomba kila meseji iandikwe kwenye diski. Imeelezwa kwenye kitabu chake, ndiyo, kwa Kiingereza, mbali sana ndani.

Kati ya zile zilizopotea, moja ilikuwa inasema kuhara kumeanza katika kambi ya wachimbaji upande wa Misisi. Tuliijua kisha siku mbili, kwa mdomo wa motari mwenye alikuja kununua tairi Baraka. Muganga wa kule alikuwa ameshajulishwa kwa njia ingine, Mungu alisaidia. Lakini si sisi tulisaidia. Sisi tulikuwa tunaangalia kijani.

Sitasema programu ile ni mbaya. Inafanya yenye ilitengenezewa. Shida ni kwamba siku ile hakuna hata mumoja wetu aliweza kuifungua ndani na kuona meseji ziko wapi. Tulimwandikia mutaalamu, alijibu kwa heshima, akaomba tumutumie faili fulani ya kumbukumbu ya mashini. Faili ilikuwa nzito kuliko rezo ya Lulimba. Tulicheka, juu ya kukosa cha kufanya.

Sasa watu wanaleta majina. «Mungechukua Kafka.» «Mungechukua RabbitMQ.» Haya, tuzungumze hayo majina bila kuyaogopa.

Kafka ilizaliwa ndani ya LinkedIn, ikafunguliwa kwa watu wote mwaka 2011. Pale walikuwa na matukio mamilioni na mamilioni: kila mtu mwenye anabonyeza, kila ukurasa wenye unafunguliwa, na mashini nyingi zenye zinataka kusoma habari ile ile kwa wakati mumoja. Kwa shida hiyo, ni kazi nzuri sana. Lakini ukiiwasha vile inavyokuja, bila kubadilisha kitu, inajitengea giga 1 ya memori peke yake. Raspberry Pi 3, aina ya mashini yenye tuko nayo Lulimba, iko na giga 1 kwa jumla, ya kila kitu. Ni kama mugeni mwenye anaingia nyumba ya chumba kimoja na kuomba chumba cha kulala cha kwake. Kwa miaka mingi ilihitaji pia programu ya pili pembeni, ZooKeeper, ya kuiongoza. Hiyo ilitolewa kabisa kwa toleo 4.0, mwaka 2025. Tena, bila kubadilisha kitu, inatunza meseji saa 168, ni kusema siku 7, hata zenye zimeshasomwa. Kwa kampuni ya matangazo hiyo ni faida. Kwa kijana mwenye ameandika jambo la hatari na mashini yake inaweza kuchukuliwa kesho, wazeni wenyewe. Ndiyo, unaweza kubadilisha hiyo hesabu. Lakini lazima kwanza ujue iko.

RabbitMQ ni nyepesi zaidi, nakubali. Ilitoka mwaka 2007, imeandikwa kwa Erlang, lugha yenye watu wa Ericsson walitengeneza kwa ajili ya mashini za simu, na inafuata utaratibu wenye ulianzia kwa benki ya JPMorgan Chase. Kuna kamarade wetu mumoja Bukavu anaipenda, anaitumia kwa kazi yake, na tumebishana naye mpaka saa sita ya usiku. Kwake ofisini iko umeme, iko rezo, yeye mwenyewe iko pale. Aende nayo. Lakini Lulimba, nani ataisoma Erlang siku yenye imekasirika?

Sisi siku mbaya kabisa hatufikishi meseji mia tatu. Mia tatu kwa siku, si kwa sekunde. Shida yetu haijawahi kuwa wingi. Shida ni umeme kukatika katikati ya neno, rezo kupotea siku tatu, na mwenye kutengeneza kuwa kijana wa miaka 20 mwenye hajasoma informatiki, lakini kichwa yake iko sawa.

Basi tulikaa, vijana wane, ndani ya chumba kimoja Baraka, na tukaandika. Python, mistari yenye haifiki mia nne. Nitawaeleza namna inafanya kazi, juu sitaki mutuamini kwa mdomo tu.

Kila meseji ni faili moja. Maandishi ya kawaida, unaifungua na chochote. Iko na namba yake yenye haifanani na ingine, saa, pahali, na maneno. Halafu kuna folda tano, na majina yake ni Kiswahili: «inaandikwa», «mupya», «kazini», «imefika», «imeshindwa». Faili inazaliwa ndani ya «inaandikwa». Ikikamilika, inahamishwa kwenda «mupya». Kuhamisha faili kutoka folda moja hadi ingine ndani ya diski moja ni tendo lenye halina nusu: ao limefanyika, ao halijafanyika. Umeme ukikatika, hautakuta meseji yenye imekatwa kichwa ndani ya «mupya». Kisha mtumaji anakuja, anachukua ya zamani kuliko zote, anaihamisha «kazini», anatuma Baraka. Baraka ikijibu «nimeipata namba hii», faili inaenda «imefika». Isipojibu, mtumaji anangoja dakika moja, kisha mbili, kisha ine, nane, mpaka afike saa moja, na hapo anajaribu kila saa, ili asimalize batri kwa kugonga mlango wenye umefungwa.

Mashini ikizimika meseji ikiwa «kazini»? Ikiwaka, kitu cha kwanza inafanya ni kurudisha zote za «kazini» ndani ya «mupya». Hiyo maana yake meseji moja inaweza kutumwa mara mbili. Tulikubali. Baraka inatunza orodha ya namba zenye imeshapokea. Ikiona namba ile ile, inajibu «nimeipata» na haiandiki tena. Ni afazali kusikia habari mara mbili kuliko kutoisikia.

Na ile meseji yenye inakataliwa kila mara, juu imeandikwa vibaya ao ina namba ya simu yenye haiko? Kisha mara kumi inaenda «imeshindwa», na mtu anaiangalia na macho. Ni bidoni yenye imetoboka.

Hatukuvumbua kitu hapa. Barua za kompyuta zimepangwa hivyo tangu miaka ya 1990: Daniel J. Bernstein, mwenye aliandika qmail, alitumia folda tatu na kuhamisha faili kati yake, kwa sababu ile ile ya kuogopa umeme kukatika. Na SMS yenyewe, ile ya simu ya kitochi, ni foleni: meseji yako haiendi moja kwa moja kwa mwenzako, inakaa kwanza kwa mashini ya kampuni mpaka simu yake iwake.

Nitasema pia kosa letu, mbele mutu mwingine asiseme. Toleo letu la kwanza lilisahau kitu kimoja. Kuhamisha faili hakuna nusu, sawa, lakini maneno yaliyo ndani ya faili yanaweza kuwa bado memorini, mashini haijayasukuma kwenye diski. Umeme ukakatika, tukakuta faili zenye ziko na jina na hazina kitu ndani. Byte sifuri. Bahasha bila barua. Ilibidi kuongeza mistari miwili yenye inalazimisha maandishi yashuke kwenye diski mbele ya kuhamisha. Ni kosa lenye programu kubwa zilishalimaliza miaka mingi, na sisi tulilirudia. Wenye wanatuambia «munarudia kazi yenye wengine walishafanya» wako na haki hapo, na siwafichi.

Lakini sikilizeni namna tulilipata hilo kosa. Nilikuwa Baraka, kijana wa Lulimba alinipigia saa moja ya asubuhi.

«Yaya, meseji tatu haziendi.»

«Fungua folda ya kazini. Unaona nini?»

«Faili tatu.»

«Fungua moja.»

Akanyamaza. «Yaya, ni nyeupe. Hakuna kitu.»

«Na zingine?»

«Nyeupe zote. Lakini mimi jana niliandika, nakumbuka. Moja ilikuwa ya daraja.»

«Andika tena vile unakumbuka.»

Dakika tano. Aliziandika tena, zikaenda, na mangaribi tulikuwa tumeshajua kosa liko wapi. Linganisheni na ile asubuhi ya kijani. Tofauti haiko kwa ubora wa programu. Ile kubwa ni bora kuliko yetu mara mia. Tofauti ni kwamba kijana wa Lulimba aliweza kuangalia ndani, na kusema kwa Kiswahili yenye anaona.

Kuna jambo lingine lenye hatukulipanga, lilikuja lenyewe. Meseji ikiwa faili, unaweza kuiweka kwenye flashi. Rezo ikifa siku tatu, kijana anakopi folda ya «mupya» kwenye flashi, anaifunga ndani ya kartasi, anamupa motari mwenye anashuka Baraka. Sisi tunaichomeka, mashini inasoma. Kama rezo imerudi katikati na meseji zimeshapita angani, hakuna shida, namba zinatambulika, zinaachwa. Njia ya flashi na njia ya rezo ni foleni moja. Wamotari wanaiita «barua ya kichwa kigumu», sijui kwa nini.

Na wenye wanafikiri rezo itakuwa nzuri siku zote, wakumbuke. Desemba 2011, kisha uchaguzi, serikali ilikata SMS inchi nzima, wiki na wiki. Januari 2015 wakakata intaneti. Tarehe 31 Desemba 2018, kesho yake ya kupiga kura, intaneti ilikatwa tena, na SMS zikafuata, mpaka karibu na tarehe 20 Januari 2019. Wenye mulikuwa watoto ulizeni wakubwa. Programu yenye inangoja seva ya mbali ili ifikiri, siku kama zile inakuwa sanduku la plastiki.

Sasa, kuna mambo yenye sikubali kuandika kwa mkono wetu, na hapa ninabishana na wa upande wangu. Kijana mumoja wa kikundi alitaka tuandike pia kufuli yetu wenyewe, namna ya kuficha maandishi. Hapana. Hapana kabisa. Hayo mambo yanaandikwa na watu wenye wameyasomea maisha yao yote, na bado wanakosea. Tumechukua yenye iko tayari: diski nzima ya mashini imefungwa na siri, na bila siri hakuna anayeisoma. Folda ya «imefika» inafutwa kila usiku. Majina ya watu hatuandiki. Faili ya kawaida yenye kila mtu anaweza kusoma ni nguvu yetu, lakini ni hatari yetu pia, na flashi ndani ya mfuko wa motari ni hatari zaidi. Kwa hiyo habari za barabara na za kuhara, ndiyo, flashi. Habari zenye zinaweza kumuletea mtu shida, haziingii kwenye mashini hii, hata moja. Hizo zinangoja mtu na mtu. Najua hilo linapunguza kazi yetu. Afazali ipunguke.

Kutuma SMS pia hatukuandika. Tulichukua Gammu, programu ya bure yenye inaongea na modemu, na nayo, muone, iko na namna ya kutunza meseji ndani ya folda tu: za kuingia, za kutoka, zenye zimetumwa, zenye zimekosa. Tulipoiona tulicheka. Kumbe hatuko peke yetu.

Na kwa kweli hatuko peke yetu. Mwaka 2005 Ken Banks alitengeneza FrontlineSMS: kompyuta moja, simu moja, waya moja kati yao, hakuna intaneti. Mwaka 2008, hospitali ya St. Gabriel's pale Namitete, Malawi, iliitumia kuongea na wahudumu wa afya wa vijijini, kwa kompyuta moja na simu za bei ndogo. Mwaka ule ule wa 2008, Nairobi ikiwaka kisha uchaguzi, Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman, David Kobia na wenzao waliandika Ushahidi kwa siku chache tu, ili watu watume yenye wanaona. Na mbele ya mwaka kuisha ilishawekwa pia kwa ajili ya vita ya huku kwetu Kivu. Hakuna aliyengoja programu ya benki. Waliandika yenye inatosha shida yenye iko mbele yao. Kisha Ushahidi ilikua, ikawa kubwa, na hiyo ni hadithi ingine.

Yetu itafika mwisho wake pia, na najua wapi. Leo kuna mtumaji mumoja kwa kila mashini. Siku Baraka itakuwa na kompyuta tatu zenye zinachota kutoka foleni moja kwa wakati mumoja, folda zitaanza kutusumbua. Siku hiyo sitang'ang'ana. Tutaweka foleni ndani ya PostgreSQL, jedwali moja tu. Tangu toleo 9.5, mwaka 2016, inajua kumupa kila mchotaji mstari wake na kuruka wenye mwingine ameshika. Bado si mashini ya LinkedIn. Na mwenye ataniuliza kwa nini hatukuanza na SQLite, yenye ni faili moja na inavumilia umeme kukatika vizuri sana: ako na haki nusu. Tungeweza. Tulichagua folda juu folda kila mtu mwenye simu anajua namna ya kuifungua, na juu ya ile sauti ya kwenye simu: «Yaya, ni nyeupe.»

Franga, nazo. Programu kubwa tulipewa bure, lakini mutaalamu wake haikuwa bure, na seva yenye ilitakiwa ya kuishikilia ingekuwa ya kulipa kila mwezi, kwa dola, milele. Mufadhili akiondoka, nani analipa? Mumeona miradi mingapi ikibaki na bango tu barabarani, kutu inakula maandishi?

Jambo moja dogo kwa wenye munatuma na SMS, kisha naacha. Meseji moja inabeba alama 160. Lakini ukiweka hata alama moja yenye haiko katika orodha ya zamani ya simu, nafasi inashuka mpaka 70, na meseji inakatwa vipande, na kila kipande kinalipwa. Ile emoji ya mikono ya kuomba, inakula. Ile «ê» ya Kifaransa, inakula. Na hii yenye ilitupoteza wiki nzima: apostrofu yenye simu za kisasa zinapinda zenyewe. Ukiandika «ng'ombe» na apostrofu iliyonyooka, sawa. Ikipindwa, 70. Tumeongeza mistari mitatu ya kuinyoosha mbele ya kutuma. Hakuna mutaalamu wa mbali angetufikiria ng'ombe zetu.

Mwenye anataka kusoma hiyo mistari mia nne, aje na flashi yake Baraka, tutamupa yote. Mwenye atapata kosa, atuambie mbele ya watu, hatutakasirika. Nimeangalia asubuhi hii: folda ya «imeshindwa» ya Lulimba iko na meseji tatu. Mbili ni namba za simu zenye hazina tarakimu zote. Ya tatu inasema tu «maji imefika kwa mlango», bila jina la kijiji, na kijana wetu ametoka na pikipiki kutafuta ni mlango wa nani.